Baba, Ungeniambia Ng'ombe Hawahesabiwi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hilo si geni kwangu. Miezi minane ya mwisho ya uhai wako nilikuamkia kila nilipopiga simu, ukajibu, "Marahaba, ongea na mama yako," kisha nikasikia viatu vyako vikitoka nje. Sasa hutoki tena. Umelala nyuma ya nyumba, karibu na zizi kama ulivyotaka, na leo utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Nina hasira na wewe, baba. Butiama nzima wameniambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Lakini mimi sikusemi pembeni, nakwambia wewe mwenyewe, na naandika wazi asome anayetaka, kwa sababu aibu yenyewe ilitupata mbele za watu. Aibu yako ilinichukua miezi minane kuielewa. Ya kwangu hukutaka hata kuisikia.

Tuanzie langoni. Unakumbuka likizo zangu? Tangu darasa la kwanza nilikaa Musoma kwa shangazi, mtaa wa Kamunyonge, na nyumbani nilikujaga shule zikifungwa. Jioni nilikimbilia lango la zizi kukusubiri. Ulisimama na fimbo mabegani, mikono umeining'iniza juu yake, na ng'ombe wakapita mmoja mmoja mbele yako: Mama Mkwe na pembe zake, Nyange mweupe nyuma yake, Kanga wa madoadoa, Kunguru mweusi mwenye kifua cheupe, Asali, na wengine, na mwisho kabisa Chelewa, ambaye hata mvua imnyeshee hakuwa na haraka. Midomo yako haikutikisika. Akishapita Chelewa ulisema neno moja, "Wapo," ukafunga.

Siku moja hukufunga. Uliwatazama kidogo tu, ukasema, "Kanga hayupo," ukageuka na fimbo yako ukarudi mtoni. Ulipomleta nilikuwa bado nimesimama pale pale.

"Baba, ng'ombe wetu wako wangapi?"

"Wapo."

"Lakini wangapi?"

"Si nimekwambia wapo?"

Nikapanda juu ya jiwe nihesabu mwenyewe. Moja, mbili, tatu, kidole kimenyooka. Ulikuja ukanishusha mkono. Hukunipiga, uliushusha tu, ukasema, "Acha." Nikadhani ni ubaya wa kunyoosha kidole. Nilikuwa na miaka minane, baba. Mtoto wa miaka minane anaambiwa acha kutwa nzima, acha hiki, acha kile, atajuaje ipi ndiyo yenye maana?

Likizo ile ile alikuja bwana mifugo na sindano za chanjo. Akafungua daftari, akakuuliza una ng'ombe wangapi. Ukamwambia, "Nenda kaone." Alicheka. Alipokuwa anafunga begi lake kwenye pikipiki alininong'oneza, "Mzee wako namba zinamshinda, eh? Soma, mtoto, uje umhesabie." Na mimi, jinga la watu, nikamwamini bwana mifugo. Tangu siku ile nilikuonea huruma. Nilisoma hesabu mpaka walimu wakanishangaa, na kila nilipopata alama nzuri nilijisemea moyoni, masikini baba, hizi ningemgawia.

Watu watasema, binti wa Kizanaki asijue mambo ya ng'ombe? Ndiyo, sikujua. Nililelewa na mwanamke anayepima dagaa kwa ndoo na kuhesabu ndoo kwa sauti mpaka jirani anajua mzigo wa leo. Ya nyumbani nilitakiwa kuyapata kwako, na kwako yalikuwa "wapo" na "acha".

Haya. Nikafika chuo, pale pale Musoma mjini, kusomea kompyuta. Mwaka wa mwisho kila kundi lilitakiwa kutengeneza gemu. Kundi letu lilikuwa mimi na Shabani, mtoto wa fundi cherehani wa Bunda. Shabani alichora picha. Mimi niliandika mifumo ya ndani: nani anatembea vipi, nani anaogopa nini, mchezaji anashindaje. Nikasema tutengeneze gemu ya kuchunga. Unatoa ng'ombe asubuhi, unawapeleka majanini na majini, kuna fisi, kuna shamba la pamba la mtu wasilile, na jioni unawarudisha zizini. Wenzetu walikuwa wanatengeneza magari na bunduki. Walitucheka, wakatuita wachungaji.

Mwanzoni ng'ombe wangu walikuwa wa hovyo kabisa. Nilikuwa nimeandika kwamba kila ng'ombe amfuate mchungaji, basi wakamfuata kweli. Wote kwa pamoja, wakarundikana mgongoni mwake, wakamsukuma mpaka ziwani akazama. Shabani alicheka mpaka akalalia meza. "Hawa si ng'ombe, hawa ni waombolezaji!" Wiki mbili nilihangaika. Nikiwatawanya wanapotea, nikiwakusanya wanamzamisha mtu. Ndipo nikakupigia simu.

"Baba, ng'ombe akitembea anamfuata nani?"

"Mh! Chuo kimeanza kufundisha kuchunga?"

"Nijibu tu, baba."

Nikasikia ukigeuka kuwatazama. "Ng'ombe hamfuati mtu. Anamfuata mwenzake. Nyange anamfuata Mama Mkwe. Kanga anamfuata Nyange, ila akiona majani mabichi anamsahau. Asali anamfuata Kanga. Kunguru hana mtu, anajiendea tu, ila wenzake wakilala naye analala. Na Chelewa anasubiri wote wapite ndipo atoke. Ukimsukuma, anakaa chini."

Niliandika vyote nyuma ya daftari; majina yalikuwa yale yale ya utotoni mwangu, maana kwako ndama alirithi jina la mama yake. Usiulize nilivyofurahi. Kila ng'ombe nikampa mwenza wake wa kumfuata, nikampa kiasi cha njaa, kiasi cha woga, na kiasi cha usahaulifu, Kanga akapata mwingi. Chelewa nikamwandikia kifungu chake peke yake: subiri wote wapite, na ukisukumwa, kaa chini. Tukawasha. Wakatoka zizini kwa mstari, Mama Mkwe mbele, na Chelewa akabaki amesimama anatazama. Shabani alisema, "Wallahi hawa wako hai." Nilikupigia tena siku ile ile kukwambia imekubali, ukacheka sana, ukasema, "Basi na mimi nimesoma chuo." Ndicho kicheko chako cha mwisho nilichokisikia, baba. Nimekitafuta kingine sijakipata.

Kosa lilifuata, na sikatai kwamba nilishika kalamu mimi. Mwalimu aliyesimamia mradi wetu alicheza gemu, akauliza, "Mchezaji atajuaje amebakiza ng'ombe? Weka namba pale juu." Nikaweka. Ulikuwa mstari mmoja tu wa maagizo. Kona ya kulia ya skrini ikaandika: Ng'ombe 8 kati ya 9. Nikaiangalia nikaona imependeza. Tena nikajisemea, hii ndiyo baba anaihitaji.

Halafu nikakualika siku ya kuonyesha miradi. Ulikuja na gari la asubuhi kutoka Butiama, umevaa lile koti la kanisani, kofia mkononi, na kibuyu cha maziwa ya mgando kwa walimu wangu. Walimu walikipokea kwa mikono miwili. Walikukalisha mstari wa mbele. Shabani alikuamkia mara tatu kwa woga. Tulipowasha projekta na ng'ombe wakatokea ukutani, wakubwa, wenye rangi zao, ulisahau kabisa uko wapi. Ulisimama nusu. "Huyo Nyange! Mtazame Kanga, atakwenda kwenye pamba huyo, nakwambia!" Kanga akaenda kwenye pamba. Ukumbi mzima ulicheka na wewe. Nilikuangalia nikajiona nimemaliza shida zote za dunia.

Kisha nikafungua mdomo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi mbele ya kipaza sauti. Nikasema, "Gemu hii nimeitengeneza kwa ajili ya baba yangu, yule pale. Baba yangu hajui kuhesabu. Amechunga maisha yake yote bila kujua ana ng'ombe wangapi. Sasa kompyuta itamsaidia." Nikaonyesha ile namba kwa kalamu ya mwanga mwekundu. Ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja, mwalimu, akakuinamia akakushika mkono kama anayempa mtu pole ya msiba.

Ulikaa. Ukaitazama ile namba. Ukasimama, ukavaa kofia, ukasema, "Nimeona," ukatoka.

Nilidhani umekwenda msalani! Nimeshikilia kipaza sauti, natabasamu kama mwehu, nakusubiri urudi. Hata kibuyu chako hukusubiri kurudishiwa. Nilipompigia mama jioni akasema umeshafika, umeenda zizini, na hutaki kuongea.

Na hapo ndipo ninapokushtaki. Ungenigombeza! Ungenipigia simu ukasema, "Wewe mtoto, umenivua nguo mbele za watu." Ungenitukana kwa Kizanaki, lugha unayoijua vizuri kwa kazi hiyo. Ningelia, ningeomba radhi, ningepanda gari siku hiyo hiyo nikapiga magoti langoni. Lakini wewe ukachagua kimya. Mwezi wa nane mama akanipigia kusema Kunguru amekufa, tumbo lilijaa upepo. Nikaomba kuongea na wewe nikupe pole. "Yuko nje." Krismasi nilikuja. Ulikula, ulisali, uliniuliza habari za shangazi. Nilikufuata langoni jioni, nikasimama pembeni yako, ng'ombe wakapita. Ulisema "Wapo" ukafunga, ukaniacha upande wa nje. Nikazunguka mwenyewe nikiwa na hasira, nikaingia ndani, nikamwekea mama gemu kwenye simu yake angalau mtu mmoja wa nyumba hii aione, kisha asubuhi yake nikarudi Musoma.

Mwezi wa tatu ukalazwa. Kifua. Nilifika hospitali nikakuta mpira wa hewa puani mwako na mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikakushika mkono. Nikauliza, maana sikuweza kuvumilia tena, "Baba, bado umenikasirikia?" Ulifumbua macho. Ukasema, "Nani anachunga leo?"

Nani anachunga leo! Nilikuuliza swali langu moja la maisha, ukaniulizia ng'ombe. Niliutoa mkono wangu, baba. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilitoka nje kununua maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Niliporudi ulikuwa umelala, na hukuamka tena kuniuliza kingine. Hilo sitajisamehe, lakini na wewe una fungu lako humo.

Sasa nikwambie yaliyotokea kwenye msiba wako, maana hukuwepo.

Siku ya pili, chini ya turubai, kaka yako, baba mkubwa, alisema kwa sauti ya watu kusikia, "Kompyuta ilihesabu ng'ombe, Kunguru akafa. Sasa ameondoka mwenye ng'ombe." Watu wakainamisha vichwa. Wengine wakanitazama mimi. Sikumwelewa. Nikamuuliza mbele ya wote, "Baba mkubwa, unasema nini?" Akatema mate pembeni, akasema mtoto wa mjini hajui kitu. Basi hata pale, kwenye msiba wako, nikaambiwa sijui bila kuambiwa ni nini nisichokijua. Ni ukoo gani huu?

Aliyenisaidia hakuwa hata wa ukoo. Alikuwa Mzee Athumani kutoka Bunda, mwenye kofia nyeupe ya kufuma, aliyekuja peke yake na kukaa nyuma. Alinivuta pembeni, akauliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia. Akasema, "Wewe ndiye binti wa karani!"

"Karani gani, mzee?"

"Baba yako. Hujui? Kabla hujazaliwa tulikuwa wote kwenye chama cha msingi cha pamba, Bunda. Mimi nashona magunia, yeye karani wa mizani. Misimu sita. Alikuwa anajumlisha kichwani, mkulima hajashusha mzigo begani ameshaambiwa kilo zake. Watu wa mjini walikuja na mashine ya kujumlisha, akaishinda! Babu yako alipokufa ndipo akarudi kushika ng'ombe."

Nikamuuliza, kwa hiyo baba alijua kuhesabu? Mzee Athumani akanitazama kama nimeuliza kama ulijua kupumua. "Alijua kuliko sisi wote. Lakini ng'ombe, hapana. Nilimuuliza siku moja, karani, ng'ombe wa kwenu wangapi? Akaniambia, Athumani, pamba inahesabiwa kwa sababu inaondoka. Ng'ombe hawahesabiwi. Ukitaja idadi umewaitia jicho, wanapungua. Na tena, anayehesabu ni yule asiyewajua."

Anayehesabu ni yule asiyewajua. Maneno yale ulimpa mshona magunia wa Bunda. Mimi binti yako ulinipa "acha".

Nilimwendea mama jikoni, sikujali wageni. "Mama, kwa nini hukuniambia baba alikuwa karani?" Akaendelea kukoroga uji. "Hukuuliza." Jamani! Kuuliza si ujinga, tumefundishwa hivyo, na mimi nimeuliza ng'ombe wangapi tangu nina miaka minane! "Na miezi yote minane hii, mama, kwa nini hukuniambia kilichomuudhi?" Akasema, "Alinikataza. Alisema mwenye macho ataona mwenyewe." Nikapiga kelele. Wanawake wakadhani ni uchungu wa msiba, wakanishika. Haukuwa uchungu, ilikuwa hasira, na bado ipo.

Sikubali kwamba namba ilimuua Kunguru. Kunguru aliuawa na majani mabichi ya mtoni, kama ng'ombe wengine wanavyouawa. Wala namba haikukuua wewe, na baba mkubwa asirudie tena kusema hivyo mbele yangu, nitamvunjia heshima. Lakini lile neno lako la pili kwa Mzee Athumani nalikubali. Nilisimama mbele ya watu nikawahesabu ng'ombe wako kama mtu asiyewajua, na nikakuhesabu na wewe. Nilikuwa na hesabu nzuri sana, na sikukujua.

Siku tatu baada ya mazishi mama alinipa simu yake nimsaidie kuwashukuru watu waliotuma salamu. Kwenye kona ya juu, upande wa kulia wa kioo, kulikuwa na kipande cha plasta ya kidonda, kimekatwa vizuri kwa wembe.

"Mama, kioo kimepasuka?"

"Hapana. Baba yako ndiye kabandika."

"Ya nini?"

"Mwenyewe anajua. Alikuwa anachezaga kale kagemu kako. Ulipoondoka tu baada ya Krismasi alianza. Anaingiza wale wa kweli, anafunga, anakuja kukaa pale kwenye kigoda anaingiza na wale wa kwenye simu. Tena anaongea nao. Namwambia mzee, uji unapoa. Ananiambia ngoja, Chelewa bado."

Niliibandua ile plasta kwa kucha. Chini yake kioo kilikuwa kizima kabisa. Nikafungua gemu. Ng'ombe wakatoka, Mama Mkwe mbele, na pale pale plasta ilipokuwa ikatokea: Ng'ombe 9 kati ya 9.

Ulikuwa umeifunika namba.

"Alisemaga nini kuhusu gemu?" nikamuuliza mama.

"Alisema, huyu mtoto amemweza Chelewa."

Baba! Ulinisifia! Miezi mitatu ulikaa kwenye kigoda unacheza kazi ya mikono yangu, ukamsifia Chelewa kwa mama, na mimi nikipiga simu nasikia viatu vinatoka nje! Ulijua kukata plasta ikatosha kona sawasawa, ukashindwa kushika simu ile ile, iliyokuwa mkononi mwako, ukabonyeza jina langu. Nililia siku ile kwa mara ya kwanza tangu ufe, na nililia kwa hasira, nikiipiga ile ngozi ya kigoda chako kwa ngumi mpaka mama akaja kuninyang'anya. Sijui kama plasta ile ni msamaha. Mama anasema ndiyo. Mama anakutetea kila siku. Mimi nasema msamaha unaofichwa chini ya plasta haujamfikia anayeuomba.

Nimerudi kwenye gemu sasa. Chuo nimemaliza, hakuna anayenidai mradi, lakini nimerudi, na Shabani amekubali kuchora upya. Ile namba nimeifuta. Mfumo mzima wa jioni nimeuandika tena. Mchezaji anasimama langoni, ng'ombe wanapita, na kompyuta haimwambii kitu. Akiona wametimia anabonyeza "Wapo" na lango linafungwa. Akiona pengo, anageuka na fimbo kwenda kutafuta. Akikosea, akafunga na mmoja yuko nje, gemu inanyamaza, ila usiku ukipita ndama wa yule aliyepotea analia. Shabani akauliza swali la yule mwalimu wetu, "Mchezaji atawajuaje ng'ombe tisa bila namba?" Nikamwambia atawajua kwa kukaa nao, kama watu. Ameshajaribu na wadogo zake kule Bunda. Siku ya kwanza walikosea wote. Siku ya nne kabinti kadogo kabisa kakamwambia, "Kaka, Asali hayupo," na kweli hakuwepo.

Kunguru nimemwacha humo. Huko hana tumbo la kujaa.

Lakini sehemu moja nimekataa kukufuata. Pale langoni nimemweka mzee mwenye fimbo mabegani, Shabani amemchora na koti la kanisani ingawa nilimwambia huchungi na koti. Mchezaji akinyoosha kidole kutaka kuhesabu, yule mzee anamshusha mkono, polepole, kama ulivyonishusha mimi. Ila hasemi acha. Anasema, "Mwanangu, sisi hatuhesabu ng'ombe. Anayehesabu ni yule asiyewajua. Njoo usimame hapa, nikufundishe majina." Nimemrekodi Mzee Athumani, kwa sababu sauti yako hatuna. Nimeipima. Ni sekunde kumi na moja.

Sekunde kumi na moja, baba. Ndizo nilizokuwa nakudai tangu nina miaka minane.

Basi, lala. Hasira yangu haijaisha, na sitakudanganya kwamba itaisha, lakini nimechoka kuibeba peke yangu ndiyo maana nimeileta hapa nyuma ya nyumba. Plasta nimeirudisha kwenye simu ya mama, pale pale, ameniomba. Na lile swali lako la hospitali, nililokujibu kwa kukunyang'anya mkono, nalijibu sasa. Uliuliza nani anachunga leo. Leo nimechunga mimi. Nimesimama langoni, wamepita wote, nimemsubiri Chelewa.

Wapo.

Mwanao wa kike, ambaye amekwisha kuyajua majina